Je, wajua kwa nini kijiti cha lavenda huota mizizi upande wa chini tu?

Anayepanda muhogo kwa pingili au viazi vitamu kwa marando amekwisha kuzoea kuona kipande cha mmea kikigeuka mmea kamili, wala hashangai. Lavenda nayo, kichaka kidogo chenye maua ya kunukia, huzalishwa hivyo hivyo, na kwa baadhi ya aina hakuna namna nyingine: lavandini, chotara inayolimwa kwa wingi Provence, Ufaransa, haitoi mbegu zinazofaa kupandwa, kwa hiyo mashamba yake hutegemea vijiti vinavyokatwa kwenye mimea iliyopo. Lakini kijiti kisicho na mzizi hata mmoja hujuaje kuutoa, na kwa nini huutoa upande ule ule siku zote?

Mwaka 1878 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Vöchting, alieleza majaribio aliyoyafanya kwa kuning'iniza vipande vya matawi ya mwerebi mahali penye unyevu, vingine vikiwa vimeelekea juu kama vilivyokuwa mtini na vingine vikiwa vimepinduliwa. Mizizi ilijitokeza hasa kwenye ncha iliyokuwa karibu na shina, hata pale ncha hiyo ilipokuwa imeelekezwa juu. Sababu ilianza kueleweka baada ya Mholanzi Frits Went kuonyesha, mwaka 1928, kwamba ncha changa za mmea hutoa homoni ya ukuaji, ile inayoitwa oksini. Homoni hii hutoka kwenye majani machanga na kushuka seli hadi seli, kwa mwelekeo mmoja tu, kuelekea mizizini. Tawi likikatwa, safari hiyo hukomea kwenye kidonda. Oksini hurundikana hapo, na seli zilizo jirani na mishipa ya maji na chakula huacha kazi yake ya awali, zikaanza kugawanyika na kuunda mzizi.

Ndiyo maana uchaguzi wa tawi una uzito kuliko jambo jingine lolote. Linalofaa ni lile lisilo na maua, lenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, ambalo sehemu yake ya chini imeanza kukakamaa lakini bado linapindika bila kuvunjika. Ua hula sukari ambayo mizizi ingeihitaji, na tawi kuukuu lenye gome la kahawia lililopasuka lina seli zisizobadilika kwa urahisi. Kata chini kidogo ya kifundo kwa kisu kikali, kisha chuna majani ya nusu ya chini bila kuambua gome, maana yakifukiwa yataoza. Ya juu yabaki, kwa kuwa ndiyo yanayotengeneza sukari na oksini. Unga wa kuoteshea mizizi unaouzwa katika maduka ya pembejeo mara nyingi huwa na homoni ya kutengenezwa, ya jamii hiyo ya oksini. Vumbi jepesi linatosha, na kwa maoni yangu lavenda haiuhitaji sana.

Hatari kubwa ni kwamba majani yanaendelea kupoteza maji ilhali hakuna mzizi wa kuyafidia. Wengi hufunika chungu walimochomeka kijiti kwa mfuko wa plastiki, na ni sawa, mradi ufunuliwe kila siku, kwani lavenda ni mmea wa vilima vikavu vya Mediterania na hewa nzito huiletea kuvu upesi. (Wakazi wa Limuru au Lushoto wana nafuu hapa kuliko wa Mombasa.) Udongo nao uwe wa kupitisha maji: mchanga wa mtoni nusu, mboji nusu, bila samadi. Weka chungu kwenye kivuli chepesi, na baada ya wiki 4 hadi 6 vuta kijiti taratibu. Kikishikilia, kina mizizi.

Mche ukishahamishiwa chungu chake na kuanza kuchipua, kata ncha yake ya juu. Oksini ile ile iliyoleta mizizi huzuia vichipukizi vya pembeni visiamke, na ncha ikiondolewa vichipukizi hivyo hufunguka, mmea ukatanuka kuwa kichaka badala ya kurefuka kama fimbo.