Usitoe Mkono: Kuzuia Damu Nyingi Kabla ya Kufika Hospitali

Jioni moja ya masika bajaji iliingia getini kwetu ikipiga honi mfululizo. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelazwa fundi wa kuezeka, kijana wa miaka ishirini na kitu, paja limechanwa na bati lililomponyoka. Juu yake alikuwa mama mmoja anayeuza mboga jirani na pale walipokuwa wanajenga. Goti moja sakafuni, mikono imenyooka, uzito wake wote ameuegemeza kwenye lile paja. Kanga yake ilikuwa imeshindiliwa ndani ya jeraha, imebaki ncha tu. Neno la kwanza aliloniambia ni, "Sista, nitoe?"

"Bado, mama. Usitoe."

Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura, mwaka wa kumi na moja sasa, katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu. Tunapokea ajali za bodaboda, za malori, mapanga ya shambani, vioo, misumeno ya seremala. Kwa niliyoyaona, watu wanaotufia kwa jeraha la mkono au la mguu hawafi kwa sababu hakuna aliyejaribu kuwasaidia. Wanafika wamezungushiwa nguo nyingi, shati juu ya taulo juu ya kitenge, na chini ya nguo zote hizo damu inaendelea kutoka kama bomba lililofunikwa gunia. Nguo inainyonya damu. Kinachoizuia ni mkandamizo, na mkandamizo ni mkono wa mtu ambao hauondoki.

Mtu mzima ana damu kama lita tano. Chukua ile chupa kubwa ya maji ya lita moja na nusu inayouzwa stendi: akipoteza kiasi hicho, ameshapoteza karibu theluthi ya damu yake, na hapo mwili unaanza kushindwa kujitetea. Mtoto wa kilo kumi na mbili hana hata lita moja kamili. Kwake theluthi hiyo ni chupa moja ya soda. Ndiyo maana damu ambayo kwa mtu mzima ungesema "si nyingi sana", kwa mtoto ni ya kukimbia nayo. Na mshipa mkubwa wa paja, ile ateri inayopita kinenani, ukikatika kabisa, unaweza kummaliza mtu mzima kwa dakika chache, kabla hata bodaboda haijapatikana.

Utaijuaje damu ya hatari? Inaruka kwa kufuata mapigo ya moyo. Au hairuki, lakini inatiririka bila kukatika na kufanya dimbwi chini. Au nguo inalowa chepechepe kwa muda wa kusema maneno mawili. Au kiungo kimekatika. Ukiona mojawapo, usimtafute mwenye utaalamu. Mwite mtu mmoja aliye karibu, tena kwa kumnyooshea kidole, "Wewe, leta usafiri, piga simu 112," halafu wewe piga magoti.

Kwanza lione jeraha. Chana suruali, funua, mpaka uone damu inatokea wapi hasa. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi hukandamiza pale penye damu nyingi, na damu hutiririka, kwa hiyo penye damu nyingi mara nyingi sipo ilipotokea. Kisha chukua kitambaa safi kuliko vyote ulivyo navyo, kanga, fulana, leso, na kama jeraha lina kina, usikitandaze juu. Kisokomeze ndani kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka kiguse kule chini damu inakotoka, ujaze shimo lote. Ateri ikikatika hujivuta ndani ya nyama, na ukikandamiza juu ya ngozi tu, nguvu yako inaishia njiani. Atapiga kelele. Endelea. Shimo likijaa, weka kitambaa kingine juu, nyoosha viwiko, lalia kwa uzito wa mwili. Kama yuko kitandani au kwenye godoro, mshushe chini. Kwenye kitu laini nguvu yako inamezwa na godoro.

Halafu subiri dakika kumi kwa saa, na katika dakika hizo kumi usichungulie hata mara moja.

Acha nieleze kwa nini, maana mtu akiielewa sababu, mkono wake hautoki. Mshipa ukikatika, misuli ya ukuta wake hujibana yenyewe ili tundu lipungue. Chembe sahani za damu hukimbilia pale na kunatana. Halafu protini iliyo kwenye damu hugeuka nyuzinyuzi, fibrini, zinazozisuka zile chembe kama wavu mpaka bonge liwe gumu. Kazi hiyo inahitaji dakika, na inahitaji utulivu. Damu inayopita kwa kasi hukokota kila kitu. Mkono wako juu ya jeraha unapunguza kasi ya mto ili mabwawa yapate kujengwa. Ukiinua kidogo tu "nione kama imeacha", umebandua bonge changa, na kazi inaanza upya, ila sasa na damu pungufu na chembe pungufu kuliko mwanzo.

Nililifanya kosa hilo mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, dada mmoja aliyekatwa na kioo mkononi, damu ilikuwa imetulia kabisa. Nikainua gozi, kile kitambaa cha kufunika kidonda, nimwoneshe mwenzangu jeraha lilivyo. Iliruka mpaka kwenye ukuta. Tuliizuia tena na dada yule alipona, lakini nakumbuka uso wake ulivyobadilika, alivyonitazama kama mtu aliyekuwa ameniamini. Tangu siku ile nikishakandamiza natazama saa, si jeraha.

Damu ikilowesha kitambaa cha juu, ongeza nguvu kwanza, na angalia kama vidole vyako viko mahali penyewe. Ikizidi kuja, maana yake hujaufikia mshipa: toa kile kitambaa, tafuta chimbuko, jaza upya, kaza. Kuongeza nguo juu ya nguo bila kuongeza nguvu ni kuificha damu usiione.

Mikono yako nayo ina haki yake. Glovu ni bora kuliko vyote. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, lakini mfuko wa mkate au wa unga bado unapatikana. Uvae mkononi kama glovu. Usipopata chochote, fahamu kwamba ngozi nzima isiyo na kidonda inakulinda vizuri. Nawa kwa maji tiririka na sabuni baada ya kazi. Ikiwa ulikuwa na mchubuko, au damu imekurukia machoni, osha, na siku hiyohiyo uje hospitali uulize dawa za kinga ya virusi vya Ukimwi. Mwisho wa kuzianza ni saa 72, na mapema ni bora zaidi.

Sasa yale tunayoyachokonoa kwenye majeraha kila wiki: majani ya chai, kahawa, sukari, majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, udongo. Naelewa kwa nini watu wanaviweka. Damu inatisha na mtu anataka afanye kitu. Lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kuzuia ateri, na udongo unakaribisha pepopunda. Tena vyote hivyo lazima tuvisafishe kabla ya kushona, na kusafisha kunauma kuliko jeraha lenyewe. Mkono mtupu wenye nguvu unavishinda vyote.

Kuna wakati mkandamizo hautoshi: mguu umesagwa na lori, mkono umekatika, au majeruhi ni watatu na wewe ni mmoja. Hapo ndipo pa kufunga kiungo kwa kukaza, kitu tunachokiita tonike. Kitu hiki kilisemwa vibaya kwa miaka mingi. Hata chuoni tulifundishwa kukiogopa, kwamba ukifunga, mguu utakatwa. Vita vya Iraq vilibadilisha fikra hizo. Madaktari wa jeshi la Marekani waliofuatilia majeruhi katika hospitali ya Baghdad walichapisha matokeo yao mwaka 2009: waliofungwa kabla hawajaingia kwenye shoku, yaani mwili kuishiwa damu ya kuzungusha, 9 kati ya kila 10 waliishi, waliofungwa baada ya shoku kuanza, aliishi 1 kati ya 10. Kifaa ni kilekile. Kilichowatofautisha ni dakika.

Kama huna kifaa chenyewe, chana kitenge kipande kirefu, upana wa vidole vitatu kinapokunjwa. Kizungushe mara mbili juu ya jeraha, upande wa moyoni, umbali wa vidole vinne kutoka kwenye jeraha. Kisikae juu ya goti wala kiwiko. Kama jeraha liko karibu na goti, panda pajani. Funga fundo moja, weka mti mgumu kama mpini wa mwiko, funga fundo la pili juu ya mti, halafu zungusha mti kama unavyokamua shuka. Zungusha mpaka damu ikome, isiishie kupungua. Kisha ufunge ule mti usirudi nyuma. Andika saa kwa kalamu kwenye paji la uso au mkononi mwake.

Hapo kwenye "ikome" ndipo wengi wanapoharibu. Vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, iko juujuu na ni laini. Ateri inayoleta damu iko ndani na ina nguvu. Ukikaza nusunusu unazifunga vena na kuiacha ateri. Damu inaingia mguuni na haina njia ya kurudi isipokuwa kupitia jeraha. Umemwongezea damu. Kamba nyembamba, waya na kamba ya kiatu nazo hukata ngozi kabla hazijafika kwenye ateri. Tonike sahihi inauma mno, watu wazima hulia na kuomba ilegezwe. Usiilegeze, hata "kidogo mguu upumue". Mguu unavumilia saa mbili bila shida kubwa, na kuifungua ni kazi yetu.

Na tafadhali, mambo haya yasihamishiwe kwa aliyeumwa na nyoka. Huyo hafungwi kamba. Nimeona miguu iliyooza kwa kamba wakati nyoka mwenyewe hakuwa na sumu kali.

Kinena, kwapa na shingo havifungiki. Huko ni kujaza kitambaa na kukandamiza mpaka hospitali, na shingoni ukandamize upande wenye jeraha tu bila kubana koo. Kifuani na tumboni usisokomeze chochote. Kama utumbo umetoka, ufunike kwa kitambaa kilicholowa maji safi, usiurudishe. Kisu au nondo iliyochoma na kubaki ndani iache hapohapo, ikandamize pembeni na uifunge isicheze, kwa sababu mara nyingi yenyewe ndiyo imeuziba mshipa. Na paja lililovunjika bila kidonda chochote linaweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu ndani kwa ndani. Ukiona paja limevimba kuliko mwenzake baada ya ajali, mhesabu huyo kuwa anatoka damu.

Shoku ninayoisema si mshtuko wa woga. Ni mwili kukosa damu ya kuzungusha. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri aonekane mweupe usoni: tazama midomo, kucha, viganja, ndani ya kope la chini. Jasho la baridi. Mapigo ya haraka na hafifu. Kutotulia, kubishana, kutaka kuinuka. Na kiu. Wanaomba maji kwa sauti inayoumiza roho, na ndugu anakimbilia soda. Usimpe, anaweza kutapika na kupaliwa, na huenda anaingia chumba cha upasuaji ndani ya nusu saa. Mlaze, mvue nguo zilizolowa, mfunike vizuri hata kama ni Dar mwezi wa pili. Mwili ukipoa, damu inashindwa kuganda, na isipoganda mwili unazidi kupoa.

Njoo haraka. Kama ni ajali au shambulio, mtu mmoja aende polisi kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na majeruhi aje kwetu moja kwa moja. Kuna dawa inayosaidia bonge la damu lisiyeyuke, asidi ya traneksamiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionesha kwamba inapunguza vifo, na vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa ya kwanza. Baada ya saa tatu haisaidii tena, na inaweza kudhuru. Kwa hiyo mlangoni swali langu la kwanza ni moja: ameumia saa ngapi?

Yule mama alilijibu bila kufikiri: "Saa kumi na moja kasorobo, mwanangu, redio ilikuwa inasema." Tulimhamisha kijana pamoja naye, watu wanne tumebeba, yeye anatembea kando ameinama mikono imo pajani. Tukaweka dripu mbili, dawa, damu ikaja kutoka maabara. Daktari wa upasuaji akavaa glovu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama, akaniangalia, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa, mama. Toa."

Havikukunjuka. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye kanga. Nilivifungua kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba, na damu haikuruka.