Mdororo si bei kupanda

Juzi sokoni Majengo, hapa Dodoma, mama mmoja anayepima mafuta ya kula kwa robo lita alimwambia mteja, "Bei imepanda dada, ni huu mdororo wa vita vya Ulaya." Mteja akaitikia kwa kichwa. Kila wiki nalisikia neno hilo likitumika hivyo, hata kwa watu waliosoma, na linaniuma.

Mdororo wa uchumi ni shughuli kusinyaa kwa muda mrefu: viwanda vinapunguza watu, fedha zinaadimika, bidhaa zinakosa mnunuzi. Bei zikipanda mfululizo, huo ni mfumuko wa bei.

Sikiliza maneno yenyewe. Kudorora ni kuzorota, kupoa. Biashara iliyodorora ni duka lililojaa bidhaa na mwenye duka amekaa mlangoni anahesabu magari. Kufumuka ni mshono wa gunia kuachia, alizeti zikamwagika usijue uzibe wapi. Ndiyo maana wakati wa mdororo bei mara nyingi hupanda polepole au hata hushuka, jambo ambalo wengi hukataa kuliamini.

Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Mkulima wa ngano wa Marekani akakosa wa kumuuzia, na kamba za kufungia miganda yake zilitokana na mkonge. Bei ya mkonge wa Tanganyika ikaporomoka hadi chini ya nusu, manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba hayo, wakaachishwa kazi. Nguo za Japani zilikuwa rahisi madukani, ila shilingi ya kuzinunulia, na ya kulipia kodi, ilipatikana kwa taabu.

Vita huja kwa mlango mwingine: huleta uhaba. Japani ilipoteka Ufilipino mwaka 1942, Uingereza na Marekani zikakosa nyuzi za huko, na mkonge ule ule ukawa lulu. Baada ya vita Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Hiyo ndiyo sababu matrekta yaliletwa Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma, mwaka 1947 kulima karanga, kwenye udongo ambao kiangazi huwa mgumu kama saruji. Mpango ukafutwa mwaka 1951. Kilichowafikisha Waingereza Kongwa ni kikaango kikavu cha London.

Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, hadithi ikarudi kwa mafuta ya kula yale yale. Ukraine na Urusi ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani, meli zikakwama Bahari Nyeusi. Alizeti tunalima, Singida na hapa kwetu, lakini mafuta tunayokamua hayatutoshi, kwa hiyo bei ya nje hutuburuta.

Ni kweli mfumuko ukidumu unaweza kuzaa mdororo, watu wakiishiwa. Ila mama yangu wa Majengo, siku ile wateja walikuwa wamekuzunguka na chupa zao tupu mkononi, wananung'unika lakini wananunua. Neno ulilolitafuta ni mfumuko wa bei.