Tiketi ikiwa ya bei ya chini, ndege ni mbovu?

Watu wengi hapa Nairobi wanaamini ukiona tiketi ya Mombasa imeshuka sana, basi hiyo kampuni inabana pesa kwa sevisi ya ndege. Hata mimi niliamini hivyo, si soko la mitumba la Gikomba limetufunza cha bei ya chini kina siri yake.

Siri ipo kweli, lakini haiko kwa injini. Kila kampuni yenye leseni Kenya, ghali au nafuu, inakaguliwa kwa sheria zile zile za usalama. Pesa wanaokoa kwingine: mara nyingi wanatumia aina moja ya ndege ndio vipuri na mafunzo yasiwe mengi, wanabananisha viti, na ndege ikitua wanashusha watu, wanapakia wengine, inaruka tena chap chap, maana ndege iliyoegeshwa haiingizi kitu. Sasa hapo ndio shida yako iko, ya asubuhi ikichelewa ya jioni pia inachelewa.

Halafu begi. Ile bei ya kwanza mara nyingi ni yako na kibegi cha mkononi tu, ukifika uwanja wa ndege wa JKIA na sanduku la zawadi za shosho utalipishwa pale kaunta, na kawaida ni zaidi ya mtandaoni. Kwa hivyo bonyeza mpaka ukurasa wa kulipa, uone jumla, ndio ulinganishe.

Na kama ni umri wa ndege unakusumbua, soma namba ubavuni, za Kenya zinaanza na 5Y, itafute kwa intaneti utaona ilitengenezwa lini. Ingawa ya miaka 20 iliyotunzwa vizuri haina neno.