Je, wajua kwa nini timu ya mpira wa kikapu ilitoroka jimboni mwake ili ikacheze?

Mwaka 1963, timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi State, Wazungu watupu, ilitwaa ubingwa wa ligi yake kusini mwa Marekani, kwa mara ya nne katika miaka mitano. Bingwa hupata nafasi kwenye mashindano ya taifa ya vyuo, lakini mara zote tatu za nyuma walibaki nyumbani. Huko kulikuwa na timu zenye wachezaji Weusi, na Mississippi ilikuwa na mwiko wake: Mzungu wa jimbo hili hashindani na Mweusi. Haukuandikwa popote, na hapo ndipo ulipokuwa na nguvu. Utapinga kifungu gani?

Safari hii mkuu wa chuo, Dean Colvard, akasema waende. Gavana Ross Barnett akapinga, na wabaguzi wakakimbilia mahakamani wakapata zuio. Ili karatasi hiyo isimkute, kocha Babe McCarthy akavuka mapema kuingia jimbo jirani la Tennessee. Asubuhi yake wachezaji wa akiba wakatangulizwa uwanja wa ndege kama chambo. Walipoona hakuna wa kuwazuia, wenzao wakatoka mafichoni, wakapaa.

Tarehe 15 Machi, East Lansing, Michigan, wakakutana na timu ya Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago, ambayo wanne kati ya watano wake wa kwanza walikuwa Weusi. Nahodha wake, Jerry Harkness, alikuwa amepokea barua za vitisho za Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi. Kabla ya mpira kurushwa, nahodha wa Mississippi, Joe Dan Gold, akamsogelea na kumpa mkono. Ni desturi tu ya manahodha, lakini taa za kamera zililipuka pande zote kiasi kwamba Harkness, kama alivyosimulia baadaye, ndipo alipotambua kuwa hii si mechi ya kawaida.

Mississippi walianza vizuri, wakaongoza 7–0, ila Loyola wakashinda 61–51 na baadaye wakabeba kombe. Ugomvi uliohofiwa haukutokea.

Miaka ikapita, Harkness na Gold wakawa marafiki. Gold alipofariki mwaka 2011, Harkness alisafiri kwenda mazishini. Alipofika karibu na jeneza akaiona picha iliyowekwa hapo: wao wawili, vijana, wameshikana mikono.