Mazoezi kwa wagonjwa wa moyo, na hicho mnachokiita gesi

Swali: Mazoezi haya ya kikundi ni ya nani?
Ya mtu aliyepata shambulio la moyo, aliyezibuliwa mshipa, aliyepasuliwa, au ambaye moyo umedhoofika lakini ametulia kwa dawa, na daktari wake ameruhusu. Ameruhusu! Wale vijana wa jogingi wanaopita alfajiri kuelekea Shangani wakiimba, waache wapite.

Swali: Tunafanya nini?
Tunapasha mwili taratibu kama dakika 10, tunatembea, tunainuka na kuketi kwenye kiti, kisha tunapoa taratibu. Tunapanda kidogo kidogo mpaka dakika 150 kwa wiki. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Njooni mapema, jua la Mtwara likishapanda halina huruma. Aliyepasuliwa kifua asijitwishe ndoo ya maji wala kugusa gunia la korosho mpaka mfupa uunge. Kwa kawaida ni wiki 12 hivi.

Swali: Kifua kikibana katikati ya mazoezi?
Acha. Keti. Sema. Kama ulipewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, kiweke ukiwa umeketi, maana kinashusha presha na unaweza kuanguka. Dakika 5 zikipita bila nafuu, ni hospitali. Huna kidonge? Ni hospitali vilevile.

Swali: Na kama ni gesi tu?
Hapa ndipo tunapopotezana. Mtu jasho jembamba linamtoka, kiganja amekikandamiza kifuani, mkono wa kushoto mzito, halafu anamtuma mtoto dukani akamletee soda. Anacheua, anasema afadhali, anajilaza. Si gesi. Ukishaugua moyo, si wewe wa kuamua kwamba ni gesi. Kinachoamua ni kipimo cha umeme wa moyo na cha damu, na dukani havipo. Mshipa ukiwa umeziba, msuli wa moyo unakufa huku ukisubiri soda ifanye kazi, na ukifa haurudi.

Swali: Lakini mara ya mwisho ilikuwa gesi kweli.
Alhamdulillahi. Ya leo si gesi mpaka hospitali iseme. Na mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu kabisa: pumzi inakata, kichefuchefu, mwili umelegea ghafla. Hiyo nayo si gesi.

Swali: Ikitokea usiku, nisubiri kukuche?
Usisubiri. Mgongeeni jirani mwenye bajaji. Bodaboda hapana, ukizimia utadondoka. Na usiendeshe mwenyewe. Hospitali ya Ligula hapa Mtwara wanapokea usiku, Hospitali ya Sokoine kwa walio Lindi vilevile. Kumuamsha jirani si aibu, jamani.

Swali: Nikipata nguvu, niache dawa?
Hapana. Na kile kidonge cha chini ya ulimi uje nacho mfukoni kila siku ya mazoezi, usikiache kabatini.