Ganvié, kijiji cha juu ya maji: yanayosemwa na ukweli wake

"Walijenga majini kwa kukosa ardhi." Kauli hii kuhusu Ganvié, kijiji cha wavuvi ndani ya ziwa Nokoué kusini mwa Benin, huniuma kila ninapoisikia. Wazee wa Watofinu, wenyeji wa Ganvié, hawakukosa ardhi, waliikimbia. Katika karne ya 17 na ya 18, askari wa falme jirani, Dahomey hasa, walivamia vijiji na kuteka watu, nao mateka wakauzwa kwa Wazungu pwani, Ouidah. Husimuliwa kwamba dini ya askari hao iliwakataza kushambulia majini. Waliosimika nguzo ziwani walikuwa wanaokoa watoto wao.

Wengine hudhani uvuvi wa pale ni kutupa wavu na kuvuta. La. Ganvié wana acadja: matawi mengi huchomekwa kwenye tope, yakaota ukoga, sato wakafuata chakula na maficho, wakazaliana humo. Miezi ikipita, wavuvi huzungushia wavu, hung'oa matawi na kuvuna. Anayejua wando wa pwani yetu asichanganye. Wando humnasa samaki maji yanapokupwa. Acadja humlea kwanza. Gharama ipo pia, maana miti mingi hukatwa, na matawi yakioza huzidisha tope ziwani.

Na neno "kijiji" lisikudanganye. Wakazi ni zaidi ya 20,000, wana shule, zahanati na nyumba za ibada. Hata ardhi ipo kidogo, vilima vya udongo walivyojijazia wenyewe. Maji ya kunywa, hata hivyo, hayatekwi ziwani. Ziwa limeungana na bahari pale Cotonou, hivyo huingia chumvi. Watu hupiga kasia hadi kwenye visima vya pampu.

Kosa la mgeni atokaye gati la Abomey-Calavi, mji wa kando ya ziwa, ni kudhani anakwenda kwenye maonyesho. Soko la mitumbwi ni soko kweli: wanaume huvua, wanawake huuza, na mtumbwi ndio genge lenyewe. Wengi wao hawapendi kupigwa picha, na wakiona kamera huinamisha kofia zao pana kuficha uso. Weka simu chini, msalimie mama, muombe kwanza. Akikataa, nunua samaki, kisha wapishe wateja walio nyuma yako.