"Nyie" ni nani?

Soko la Majengo, wiki iliyopita. Mteja anamwambia mama muuza maandazi: "Nyie ndio mliowaua vijana wetu kule Israeli." Mama ana mtandio kichwani, mwiko mkononi. Alinyamaza hadi andazi likaungua. Nimesimamia vikao vya masheikh na wachungaji hapa Dodoma kwa miaka, na hiyo "nyie" nimechoka nayo.

Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo waliuawa kweli, Oktoba 7, 2023. Waliowaua ni wapiganaji wa Gaza. Mama wa maandazi alikuwa Majengo, akikanda unga.

Tatizo kubwa naona ni msamiati wetu. Mtu amesoma habari za Goliathi kwenye Biblia, anadhani Mfilisti na Mpalestina ni mtu yuleyule. Jina limetoka huko, sikatai. Warumi waliliita jimbo lao kwa jina hilo katika karne ya 2. Lakini Wapalestina wa leo wanasema Kiarabu, na Wakristo wamo: Oktoba 2023 bomu liliua waumini waliojihifadhi kwenye kanisa la Mtakatifu Porfirio, Gaza. Geuza upande wa pili: Mwisraeli wa kitabu cha Kutoka siye raia wa Israeli ya leo, ambako karibu mmoja kati ya watano ni Mwarabu, wengi wao Waislamu. Na Wayahudi wachache walioko Arusha hawaendeshi jeshi la mtu yeyote!

Kwingine "nyie" imeshaua. Illinois, Marekani, Oktoba 2023, mwenye nyumba alimuua kwa kisu mtoto wa miaka 6 mwenye asili ya Palestina. Manchester, Uingereza, Oktoba 2025, sinagogi lilishambuliwa siku ya Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi.

Kuna walionishauri nipige marufuku habari za Gaza vikaoni. Nilijaribu. Wakahamia WhatsApp, maneno yakawa makali zaidi. Kulaani serikali ya Israeli au Hamas, kundi la wapiganaji wa Gaza, ni haki ya mtu. Ila kijana anapotamka "Wazayuni" huku machozi yanamlenga kwa ajili ya watoto wa Gaza, mara nyingi nashindwa kujua anasema serikali hiyo au Wayahudi wote. Namuuliza. Wakati mwingine naye hajui, na mimi sina jibu la kumpa palepale.

Mteja alipoondoka nilimpa mama pole. Akageuza maandazi. "Mwalimu, huyo ndiye aliyenibebea unga asubuhi."

Kesho nakwenda kumtafuta huyo baba.